Sufuria Iliyoshindwa na Mlango

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit, baina ya miji ya Kufa na Basra, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Mundhir. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, mabinti zake watatu wameolewa miji ya mbali, naye akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba tisa. Vyumba tisa, ndugu zangu, na mtu mmoja! Akianza kufagia cha kwanza, mpaka afike cha tisa, cha kwanza kimeshajaa vumbi upya. Basi akaswali istikhara, kumwomba Mola amchagulie lenye heri, akaamua kuhamia nyumba ya chumba kimoja na ua mdogo mbele yake, nyuma ya msikiti wa mtaa uleule.

Kuhama ni kazi, na kuhama kutoka kukubwa kwenda kudogo ni kazi mara mbili, kwa sababu kila kitu kinakuuliza, "Na mimi je?" Lakini Bibi Lubaba alianza kwa uchangamfu. Mazulia akayapeleka msikitini. Magodoro na mablanketi akawagawia mafukara. Vyetezo vya kufukizia ubani alivikuta kumi na viwili, akacheka mwenyewe, akabakiza kimoja. Kila kilipotoka kitu mlangoni alisema "Alhamdulillahi", na aliisema kwa moyo mweupe, kwani alijihisi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani.

Ikabaki sufuria.

Hiyo ilikuwa sufuria ya shaba, ya kutosha mbuzi wawili na mchuzi wao, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Harusi zote za mtaa, akika za watoto wachanga, na futari za Ramadhani zilipikwa ndani yake. Watu wakimwita Bibi Lubaba "Mama Sufuria", naye hakuchukia hata kidogo. Tuseme kweli, alilipenda jina lile. Akiwaona wanaume wawili wanaingia kichochoroni na mti wa kubebea begani, moyo wake ulifurahi kama wa bibi harusi.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Sufuria kubwa waliisugua ndani tu, nje hawakuigusa. Masizi waliyahesabu kuwa shahidi wa ukarimu, na mwanamke aliyesugua sufuria yake nje wenzake walimnong'ona kwamba jiko lake haliwaki. Basi tangu enzi za mama mkwe, na miaka arobaini ya Bibi Lubaba baada yake, masizi yalipanda juu ya masizi, mpaka yakawa na unene wa kidole.

Wachukuzi walipoifikisha nyumba mpya, sufuria ikakataa kupita mlangoni. Wakaigeuza ubavu, wakaiinamisha, wakaipiga bega. Wapi! Ukuta uliopakwa chokaa juzi tu ukageuka mweusi.

"Bibi wee," alisema mmoja wao akifuta jasho, "ama tubomoe ukuta, ama sufuria ilale nje."

Bibi Lubaba akafikiri, akaona ampelekee binti yake mkubwa, Rumaysa, aliyeolewa katika mji wa Kufa. Sufuria ibaki katika ukoo, alijiambia, na jina lake libaki nayo. Lakini mwenye ngamia wa kuisafirisha akakataa katakata kufunga masizi pamoja na vitambaa vya watu. Ndipo akaitwa mzee Ghalib, mfua shaba, aje aikwangue palepale uani.

Mzee Ghalib alikwangua asubuhi nzima, mpaka ndevu zake nyeupe zikawa nyeusi. Karibu na adhuhuri akaacha kukwangua, akalowesha kitambaa, akasugua mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Bibi, hebu njoo. Hapa pana maandishi."

Bibi Lubaba akainama, akasoma: *Wakfu kwa watu wa mtaa huu, kwa kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu. Haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hazuiliwi mtu.*

Akasoma mara ya pili. Akaketi juu ya masizi na nguo yake safi.

Akamkumbuka mama mkwe wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, siku ya kufa kwake. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, sufuria hii ni ya watu." Naye akajibu, "Ndiyo, mama, ya watu," akidhani ni maneno ya adabu, kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni, "Karibu, hapa ni kwako." Nani aliyewahi kuambiwa hivyo akaleta godoro lake? Kumbe mama wa watu alikuwa anausia, tena kwa maneno manyofu kabisa!

Miaka arobaini alikuwa amepokea shukrani za kitu kisicho chake. Hilo pekee lilitosha kumwinamisha. Lakini lililomchoma hasa ni lile neno la mwisho, *wala hazuiliwi mtu*, kwa sababu yeye aliwahi kumzuilia mtu.

Alikuwa mjane mmoja mfumaji, Atika, mgeni mtaani, asiye na ndugu. Siku moja kwenye akika, Atika alisema mbele za watu kwamba mchuzi wa Mama Sufuria umezidi chumvi. Ndiyo hayo tu, wallahi! Alipokuja mwezi uliofuata kuazima sufuria kwa ajili ya walima, karamu ya ndoa ya binti yake yatima, Bibi Lubaba alimjibu kwa upole wa kinafiki, "Samahani, mwenzangu, imetoboka." Haikuwa imetoboka. Na tangu siku ile, miaka sita, wakikutana njiani alikuwa akiangalia pembeni.

Mzee Ghalib alimwonea huruma. Akashusha sauti.

"Bibi, mimi sikuona kitu. Nyundo tatu tu hapa, maandishi yamelala. Umeitunza miaka yote hii. Nani wa kukulaumu?"

Bibi Lubaba akaitazama ile nyundo. Asikudanganyeni mtu kwamba watu wema hawatamani. Alitamani! Aliliona jina lake likiporomoka, akawasikia wanawake kisimani wakisema, "Kumbe!" Kisha akaishika nyundo kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka chini.

"Hapa utanifutia, mzee wangu. Na kesho Kiyama nani atanifutia? Nitaambiwa niibebe shingoni, mimi ambaye hata kuipitisha mlangoni imenishinda!"

Akasimama na masizi yake nguoni, asibadilishe wala asinawe, akaenda moja kwa moja kwa Atika. Alimkuta kwenye kitanda chake cha kufumia.

"Subhanallah, Bibi Lubaba! Umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na haki, mwenzangu. Sufuria ile ni wakfu. Haikuwa yangu hata siku moja. Na siku ile haikuwa imetoboka. Nilisema uongo, nikakunyima haki yako siku ya furaha ya mwanao. Nimekuja uniwie radhi, na usiponiwia, Mola ana haki ya kunishika."

Atika akaacha uzi. Machozi yalimlenga, lakini uso wake haukuwa na hasira.

"Sitakuficha, siku ile nililia. Kisha nikaingia nyumba kwa nyumba, nikaazima visufuria saba. Na kila mwenye kisufuria akaja nacho mwenyewe, akakaa kukipikia, kwa kuogopa nisimuunguzie. Asubuhi sikuwa na mtu mtaa huu, na walima ilipokwisha nina dada saba. Ungenipa ile kubwa, ningepika peke yangu, nikala na upweke wangu. Nilikusamehe zamani, dada yangu. Nilikuwa nangoja tu uniangalie usoni nikushukuru." Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ila ule mchuzi, ulizidi chumvi kweli."

Wakacheka wote wawili, na kucheka kwao kukachanganyika na kulia.

Siku ya Ijumaa Bibi Lubaba alimwomba imamu asome maandishi yale mbele ya watu, na habari zote zikasemwa, bila kupunguza ya Atika. Kisimani walisema "Kumbe!" kama alivyotarajia, wengine wakasema zaidi. Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini Mungu hakusema kwamba na watu watampenda siku hiyohiyo. Alivumilia. Sufuria ikawekwa ukumbini mwa msikiti, ikisuguliwa nje na ndani ili maandishi yasomeke, na ufunguo wa mnyororo wake akakabidhiwa Atika.

Wiki chache baadaye, Bibi Lubaba alitaka kuwalisha majirani kwa kushukuru nyumba yake mpya. Akaenda mlangoni kwa Atika, akabisha hodi. Miaka arobaini alikuwa ameazimwa, wala hajawahi kuazima.

"Nimekuja kuomba sufuria," akasema, "kama nami naruhusiwa."

Atika akamtazama, akautia ufunguo kiganjani mwake.

"Sufuria ni ya watu, dada yangu. Kwani wewe si mtu?"

Wakapika pamoja siku ile, na watu wakala wakashiba. Ua ulikuwa mdogo, wageni wakaketi mpaka njiani. Bibi Lubaba akasimama kizingitini pa mlango wake mwembamba, akaupapasa mwimo wake kwa mkono, akasema, "Ewe Mola, wengine wanakushukuru kwa ulivyowapanulia. Mimi nakushukuru kwa kunibania. Ningekufa katika nyumba ile kubwa, ningekujia na mali ya watu, nami najiona mkarimu."

Basi, ndugu zangu katika imani, nanyi mnaocheka masizi ya Bibi Lubaba, rudini majumbani mwenu mkaangalie darini na mivunguni. Msingoje kuhama. Mola amrehemu Bibi Lubaba, amrehemu na Atika, na atujaalie sisi kuvijua vya watu kabla mlango wa mwisho, ulio mwembamba kuliko yote, haujatufikia.