Jibu Lililoaminiwa na Mtu Mmoja

Kaeni vizuri, wapendwa, na wale wa nyuma wapunguze kuongea, maana leo nawapeleka bungeni. Najua hilo mnalipenda. Nikitaja toba mnasinzia, nikitaja mheshimiwa mnaamka wote. Haya, amkeni.

Alikuwapo naibu waziri mmoja. Msiniulize wa nchi gani wala wa wizara gani. Huyu ni wangu, nimemtengeneza mwenyewe juzi nikiwa namenya viazi. Na hakuwa mwizi. Nalisema mapema kwa sababu naona wengine mmeshakaa mkao wa kusubiri kusikia ameiba nini. Hakuiba kitu. Alikuwa mtu mpole, anasalimia wakubwa kwa wadogo, anasali, na sifa yake kubwa ilikuwa moja tu: alijua kujibu.

Si mnakijua kile kipindi cha maswali na majibu, kinachorushwa redioni asubuhi? Basi huyu ndiye alikuwa fundi wake. Mbunge akisimama kuuliza habari za shule ambayo watoto wanakaa sakafuni, yeye anainuka taratibu, anafunga kifungo cha koti, anasema, "Mheshimiwa Spika, Serikali inaitambua changamoto hiyo." Mwingine akiuliza habari za mbolea iliyofika wakulima wakiwa wameshavuna, anasema Serikali imepokea ushauri wa mheshimiwa mbunge na inaufanyia kazi. Hata maswali ya wizara za wenzake walimpa ayajibu kwa niaba yao, kwa kuwa akisoma yeye, jibu lilikuwa linatulia. Meza zinapigwa, Spika anatabasamu, muuliza swali anakaa chini ameridhika wala hajui ameridhika na nini. Watu wakaanza kunong'ona kwamba baraza likibadilishwa, huyu atakuwa waziri kamili. Na yeye alizisikia hizo fununu, na zilimpendeza.

Siku moja ikaja zamu ya swali la zahanati. Mbunge wa jimbo la jirani na kwao aliuliza, "Je, ni lini zahanati ya kijiji fulani itaanza kuwahudumia wananchi?" Kijiji chenyewe naibu waziri alikijua vizuri. Ukisimama nyumbani kwa mama yake, unakiona ng'ambo ya bonde, na utotoni alikuwa akienda huko kucheza mpira. Kwa hiyo alilisoma lile jibu kwa furaha ya kweli.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "napenda kulijulisha Bunge lako tukufu kwamba zahanati hiyo imekamilika na inatoa huduma zote muhimu, zikiwemo huduma za mama na mtoto."

Makofi. Yule mbunge akasimama tena na swali la nyongeza, lile ambalo mmeshalisikia mara nyingi: "Je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami baada ya Bunge hili, akajionee mwenyewe?"

Na naibu waziri akajibu kama wanavyojibu wote. "Mheshimiwa Spika, niko tayari."

Enhe. Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua hakwenda. Hata muuliza swali alijua hatakwenda. Spika naye alijua, akaita swali linalofuata, la ng'ombe na josho lao. Ndiyo desturi ya mle ndani: unaulizwa kama uko tayari, unasema uko tayari, mambo yanaishia hapo, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Mtasema, basi alidanganya. Hapana, ngojeni. Fundi aliyejenga alisema kuta na bati vimekwisha. Wilayani wakaandika jengo limekamilika. Mkoani wakaandika zahanati imekamilika. Wizarani, kijana mmoja mwenye haraka akaona zahanati iliyokamilika haina budi iwe inatoa huduma, akaongeza maneno mawili matatu ili jibu lijae. Kila mmoja aliweka chumvi yake kidogo, na yule wa mwisho akapakua. Naibu waziri yeye alisoma alichopewa. Na mtu akisoma jambo kwa sauti nzuri, mbele ya watu, wakampigia makofi, hutokea kitu cha ajabu. Analiamini.

Bunge la bajeti likaisha. Ilikuwa miezi ile ya baridi, mahindi yameshavunwa, na kwao kulikuwa na harusi ya mdogo wake wa mwisho. Akataka familia yote iende. Sasa, alikuwa na binti yake wa kwanza, tumwite Sekela, na Sekela alikuwa mjamzito wa siku za kuhesabika. Mjukuu wa kwanza huyo. Babu mtarajiwa alikuwa ameshanunua mpaka shuka la kumbebea, akalificha kabatini asichekwe.

Mke wake hakuupenda mpango huo hata kidogo. "Baba Sekela, mwache mtoto abaki mjini. Hospitali iko hapo mlangoni. Kule kwenu uchungu ukimshika tutamkimbiza wapi?"

"Mama Sekela, nawe! Ng'ambo ya bonde pale kuna zahanati mpya. Ina huduma za mama na mtoto."

"Umeiona?"

"Nimeijibu mimi mwenyewe bungeni."

Mke akamtazama. Angeweza kusema neno, lakini mume wake alikuwa naibu waziri na jambo lenyewe lilikuwa la Serikali, sasa abishane na Serikali jikoni? Akafunga mizigo. Na Sekela, ambaye tangu mdogo alikuwa anamwamini baba yake kuliko mtu yeyote, akapanda gari huku anacheka.

Siku ya harusi, watu wameshatoka kanisani, pilau ndiyo inapakuliwa, Sekela akaweka sahani chini akamshika mama yake mkono. Uchungu ulikuwa umeanza, na ulikuja kwa nguvu. Akina mama wakamzunguka, wakampeleka kwenye gari. Dereva akawasha, akauliza tunaelekea wapi. Mke akasema, "Hospitali ya wilaya, twende sasa hivi." Naibu waziri akasema, "Hospitali ya wilaya ni mbali. Kata kushoto, vuka daraja, panda kule juu. Tutafika sasa hivi."

"Baba Sekela, nakuomba."

"Niamini mimi."

Gari likakata kushoto. Nataka mwelewe, wapendwa, kwamba mtu huyu hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amekaa mbele anampigia simu mganga mkuu wa wilaya ili aitaarifu zahanati iandae chumba. Simu haikupatikana, akasema hamna neno, tunakaribia. Kwa nyuma Sekela analia, mama yake anamfuta jasho kwa kanga, na baba anageuka anamwambia binti yake, "Vumilia kidogo, mama. Tumefika."

Na kweli walifika. Zahanati ilikuwepo, tena nzuri, nyeupe, bati la bluu. Mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa lenye kutu. Madirishani buibui wamejenga. Na kibaraza chote, mwanzo hadi mwisho, kimeanikwa mahindi. Kulikuwa na mama mmoja amekaa katikati yake na fimbo, anafukuza kuku.

Naibu waziri akashuka mbio. "Shikamoo, mama. Muuguzi yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Muuguzi gani?"

"Wa zahanati!"

Yule mama akageuka akaitazama zahanati kana kwamba alikuwa ameisahau kidogo. "Aa, hapa? Hapa hajawahi kuja mtu. Wakubwa walikuja kukata utepe, wakaondoka na ufunguo. Sisi tunaanika mahindi. Saruji yake nzuri, haina mchanga."

"Haiwezekani!" Akapandisha sauti, na ile sauti nzuri ikamtoka mbaya. "Imekamilika! Inatoa huduma! Ilitangazwa bungeni!"

Hapo yule mama akaishusha fimbo. Akamtazama usoni, kisha akatazama koti, kisha akasikiliza kilio kilichotoka garini, na akamtambua. Hakucheka, jamani. Angekuwa na haki ya kucheka, lakini hakucheka. Alimwonea huruma.

"Tulikusikia, baba," akasema. "Kijiji kizima tulikusikia redioni. Lakini sisi tulijua ni jibu. Kumbe wewe ulidhani ni zahanati?"

Mmelisikia hilo? Sitalirudia.

Katika nchi nzima, mtu mmoja tu aliliamini lile jibu. Muuliza swali hakuliamini. Spika hakuliamini. Waliopiga meza hawakuliamini, wale waliipigia ile sauti nzuri tu. Mama huyu mwenye mahindi yake, ambaye wajukuu zake wanazaliwa njiani miaka yote, hakuliamini hata kwa dakika moja. Aliyeliamini ni yule aliyelitoa. Na alimpakia mtoto wake wa kumzaa ndani ya jibu hilo.

Wakageuza gari. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, na ya hospitali ya wilaya ilikuwa inaanza upya kutoka kule mwanzo. Sekela alijifungulia garini, kabla ya lami, mikononi mwa mama yake. Sekela alipona. Mtoto hakulia. Lile shuka la kabatini babu alikuwa amelipakia kwenye mzigo, na likatumika kumfunikia.

Najua mnataka niwaambie ilikuwaje baada ya hapo. Alijiuzulu? Zahanati ilifunguliwa? Yule kijana wa wizarani alifukuzwa? Sijui. Mfano wangu unaishia pale njiani, na viazi vyangu vilikuwa vimekwisha.

Sasa tuje kwetu.

Naona baadhi yenu mnatikisa kichwa kwa hasira, mnawafikiria viongozi. Mzee wangu pale tayari ana jina la mtu kichwani. Liweke chini hilo jina, mzee wangu. Waheshimiwa hawajaja leo, na kama wangekuja ningewahubiria wao. Waliokuja ni sisi.

Sisi tunajibu vipi? Mtu akitwambia nyumba yangu imeungua, tunasemaje? "Pole sana, tuko pamoja." Tuko pamoja wapi? Yeye yuko kwenye majivu, wewe uko kwako unakula. Mtu akisema mume wangu amelazwa, tunasema "tutapita kumwona." Kijana akisema sina ada, tunasema "Mungu atafungua njia." Na tunasema kwa sauti nzuri, jamani, nani kama sisi! Tunafunga kifungo cha koti, tunajibu, tunakaa. Halafu tunarudi nyumbani na moyo mweupe, tunalala, kwa sababu rohoni tumeshaandika kwamba tumekwenda. Mgonjwa tumeshamwona, ada tumeshalipa, nyumba tumeshaijenga. Tunatoa huduma zote muhimu.

Na yule uliyemjibu? Yeye anajua. Alijua siku ile ile, kabla hujamaliza sentensi, kwamba hilo ni jibu. Hajakusubiri. Ametafuta njia nyingine, au ameanika mahindi yake, maisha yanaendelea. Unayedhani ni zahanati ni wewe peke yako. Na siku Bwana atakapouliza swali la nyongeza, utampeleka wapi? Utamwonyesha nini kule juu, kufuli?

Niwape mfano mmoja tu wa hapa hapa, halafu nikae. Bibi Tusekile wote mnamfahamu. Alikuwa akikaa benchi lile la dirishani, kwenye nafasi ambayo leo umeweka mkoba wako, dada. Tangu mvua zile alipoanguka hajaweza kutembea. Tumemtangaza hapa madhabahuni. Kila nilipotangaza, nikauliza kama tutakwenda kumwona, mliitikia "Amina" mpaka bati likatikisika.

Alhamisi nilikuwa kwake. Nikamwambia, "Bibi, kanisa zima linakukumbuka." Akiwa amelala vile vile akacheka kidogo, akaniambia, "Nawasikia, Mchungaji. Upepo ukivuma huku nawasikia mpaka kitandani. Wanajibu vizuri sana."

Kwa hiyo leo nawaomba kitu kimoja, na ni kigumu kwenu. Msiseme Amina. Hata mmoja asiseme. Mlango wa kushoto ndio unaotokea kwa Bibi Tusekile, uko wazi, na ibada tutaimalizia huko.