Vumbi la Mwalimu Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule, na mwalimu wao alikuwa Kanga, mama wa madoadoa, mdomo kama cherehani. Kanga alipenda vumbi. Kuoga kwake vumbi, usafi kwake vumbi. Kila asubuhi huparura sakafu ya darasa, paru-paru-paru, mpaka iwe laini kama unga, ndipo awaite watoto waketi.

Siku moja Kibwana, mtoto wa Ngiri, akaja anachechemea. Che! Che! Kanga akamtazama mguu. Lo! Funza!

"Toka! Nenda kwenu mpaka upone. Utaniambukizia watoto!"

Kibwana akalia. "Mwalimu, mimi nataka kusoma."

"Nimesema toka!"

Akaenda zake, che, che, che.

Kesho yake akachechemea mtoto wa Paa. Akafukuzwa. Akaja mtoto wa Digidigi, che, che. Naye akafukuzwa. Mmoja mmoja hivyo hivyo, mpaka darasa likawa tupu, Kanga anazifundisha kuta. Roho ikamuuma. Shule bila watoto ni shule gani? Akafunga safari kwenda kumgombeza Mama Ngiri.

"Hodi!"

"Karibu, mwalimu. Pita ndani."

Kanga akapita, akatazama chini. Sakafu imekandikwa, ngumu, haina hata chembe ya vumbi. Wadogo zake Kibwana wanacheza, miguu safi. Mwenye funza ni mmoja tu, yule aendaye shule.

Kanga akainamisha kichwa.

"Mama Ngiri, nilikuja kukugombeza. Kumbe funza wanatoka kwangu, kwenye vumbi langu. Nisamehe. Nawe, Kibwana mwanangu, nisamehe."

"Yameisha, mwalimu. Watoto ni wetu sote. Hebu tuwaite wenzetu."

Wazazi wakaja. Tembo akaleta maji, chwaaa! Nyati akaleta samadi, hiyo anayo tele. Wakakandika darasa, pa! pa! pa! Tumbili, mwenye vidole vyepesi, akawatoa watoto funza, kila mtoto na mwiba wake safi. Na Kanga? Akachimbiwa shimo lake la vumbi, kuleee, nyuma ya kichuguu!

Jumatatu, nani huyo anakuja mbio, mkia juu? Kibwana! Kawapita wote.

"Mwalimu, nimewahi!"

Kanga akamkumbatia kwa mbawa zote mbili, machozi ya furaha yanamtoka.

Basi jamani, mtoto akiugua, shule isimfukuze wala isimnyooshee mzazi kidole. Mwalimu na wazazi washikane, mtoto apone, asome. Hadithi yangu imeishia hapo, na nyie nendeni mkanawe miguu.