Chenga za Mkaa na Kisima cha Jirani

"Elfu themanini? Mama, unasafisha kisima au unanunua kingine?"

Ndivyo alivyofoka fundi mmoja wa pikipiki mbele ya jirani yake wa bondeni, mama muuza mkaa. Fundi huyu kazi alijifunza mwenyewe, na hakupenda kuambiwa. Sasa oili chafu ya gereji yake ilikuwa imeteremka na mvua, ikapenya ardhini hadi kisimani kwa mama. Maji yakawa yananuka, na mama akadai gharama za kusafisha kisima.

"Lakini mimi nilikinga!" akasema. "Nilichimba mtaro, nikaujaza mbolea mbichi ya ng'ombe. Laini, imeloa, inafyonza kila kitu!"

"Inafyonza maji, baba. Ungejaza chenga za mkaa."

"Chenga? Kavu zile, hata maji zinayakataa?"

"Hizo hizo. Lete ndoo mbili tuache kelele. Nikishindwa, sikudai."

Wakatoboa ndoo matundu chini. Moja mbolea, moja chenga. Wakamimina maji yenye oili. Majirani nao, si mnawajua? Walishajaa.

Chini ya mbolea yakatoka maji na oili yake, yanameremeta. Mbolea inapendana na maji, imeshiba maji. Mafuta yakae wapi? Chini ya chenga yakadondoka maji matupu. Zile zisizopatana na maji ndizo zilizoyashika mafuta, zikatulia nayo.

Fundi akanusa, akanusa tena, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mama, mkaa wako una roho ngumu!"

"Ngumu, ndiyo. Mkaa umeushika uchafu wako ili wanangu wanywe."

Fundi akatoa elfu themanini, zote.

Mnacheka? Haya, sisi ni ndoo ipi? Wimbo ukianza humu kanisani, machozi. Msibani tumo, harusini tumo. Laini kweli kweli! Lakini neno chafu juu ya mtu likitudondokea asubuhi, jioni limefika wapi? Si limeshapita kwetu likaingia kisimani kwake? Na bado tunasema, "Mimi nilipitisha tu." Hata mbolea ilipitisha tu!

Mungu anatafuta watu wa chenga. Weusi, wakavu, wasio na maneno matamu, lakini uchafu ukiwafikia, safari yake imekwisha.

Fundi alilipa. Sisi tumechafua majina ya watu, na wenyewe wamekaa humu humu, benchi la mbele na la nyuma. Hawataki wimbo. Wanadai majina yao.

Warudishieni. Leo, kabla hamjatoka mlangoni.