Fundi Aliyepeleka Kuni Dukani

Msiisome hii kwa haraka, na mkimaliza msiilalie kama kuku na mayai. Mpelekeeni yule ndugu yenu anayenunua vitu kwa sababu vinang'aa. Mnamjua.

Kule Mufindi, kwenye baridi ya kung'ata masikio, walikuwako maseremala wawili. Fundi Luvanda alikuwa na banda nyuma ya nyumba, randa ya mkono, na bega bovu. Fundi Chengula alikuwa na bega zima na mdomo mzima zaidi.

Siku moja Sista Kresensia, msimamizi wa zahanati, akawaita wote wawili. Wodi ya wazazi ilikuwa inajengwa upya, nayo ilitaka milango kumi.

"Kila mmoja aniletee mlango mmoja," akasema. "Baridi ya hapa haina huruma na watoto wachanga. Ambaye mlango wake utafunga vizuri kuliko wa mwenzake, nampa kazi yote."

Kwa Luvanda hiyo ilikuwa kupata au kuacha useremala. Bega lile lisingeweza tena kusukuma randa kutwa nzima. Ilibidi anunue mashine, na akiba yake ilitosha moja tu. Akikosea kuchagua, basi, akalime viazi na bega hilohilo.

Asubuhi ya kwenda mjini Mafinga, mkewe Tulalumba akamkuta anafuta vumbi ubao mzuri, mnyoofu.

"Baba Atu, huo wa nini?"

"Wa kujaribia mashine."

"Huo ni mzima. Nani anampeleka mzima hospitali?" Akaenda kwenye rundo la kuni, akachomoa ubao wa mpaini uliopinda na kujisokota kama nguo iliyokamuliwa. "Mpeleke huyu mgonjwa."

Dukani Luvanda akamkuta Chengula ametangulia. Chengula alipouona ubao alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee Luvanda! Umekuja kununua mashine au kuchemsha chai?"

Muuzaji naye hakuachwa nyuma. "Mzee wangu, hapa hatununui kuni."

Akawaonyesha mashine mpya, nyekundu kama pilipili. Unaingiza ubao mbele, magurudumu yanaukamata, yanaukandamiza, unatokea nyuma umenyolewa. Akaupitisha ule wa Luvanda. Vuuuu! Ukatoka laini kama shavu la bibi harusi.

"Naichukua!" Chengula akapiga kelele, mashine yenyewe haijanyamaza.

Luvanda akaulaza ubao juu ya meza ya chuma, akabonyeza pembe moja kwa kidole. Ko! Akabonyeza ya pili. Ko!

"Umelainika," akasema, "lakini bado unacheza. Magurudumu yameukandamiza, ukajifanya mnyoofu. Ulipoachiwa umerudia tabia yake."

"Wewe unatafuta mashine au unatafuta mchumba?" Chengula akauliza.

Muuzaji akajikuna kichwa. "Za kunyoosha ninazo mbili, mzee. Hizi haziukandamizi ubao. Zina meza mbili za chuma, visu katikati, na ukuta wa pembeni wa kuegemezea. Unasukuma mwenyewe."

Ya kwanza ilikuwa mpya, lakini meza yake haikuzidi urefu wa mkono.

"Mlango wangu unanipita kimo," Luvanda akasema. "Kitanda kifupi kitamlazaje mgonjwa mrefu?"

Ya pili ilikuwa pembeni, imefunikwa magunia. Kuukuu, rangi imebabuka, ila meza yake ndefu kama benchi la kanisani. Luvanda akaomba meza zote mbili ziwekwe usawa mmoja. Akachomoa uzi kwenye sweta lake, akaukaza juu ya chuma kutoka mwanzo hadi mwisho, akainama kuchungulia. Hakuna mwanga uliopita chini ya uzi.

"Ipe kina kidogo cha kukata. Washa!"

Akausukuma ubao wake uliopinda kwa kibao cha kushikia, kwa uzito wa mwili wote, na bega halikulalamika. Mara ya kwanza visu vilikwangua pembe mbili tu. Mara ya pili zaidi kidogo. Ya tatu, ya nne... Ya tano, maranda yakaruka mfululizo tangu kichwani hadi mkiani!

Akabonyeza pembe. Kimya. Ya pili. Kimya! Waliokuja kununua misumari wakashangilia kama goli limeingia, na Luvanda akatoa akiba yake yote.

Siku ya milango ikafika. Wa Chengula ulipakwa vanishi mara mbili, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Wa Luvanda ulikuwa mlango tu. Watu wakaanza kumwonea huruma mapema.

Sista Kresensia hakuwasikiliza. Akaingia chumba cha wodi kilichotiwa mlango wa Chengula, akajifungia mchana kweupe. Akatoka. Akajifungia cha Luvanda. Akatoka.

"Fundi Chengula," akasema, "kamba ya kiatu chako cha kushoto imefunguka."

Chengula akainama, akaona kweli. "Sista, umejuaje, na ulikuwa ndani?"

"Hata mimi nimejiuliza hivyo hivyo."

Pembe ya chini ya mlango wake ilikuwa imejitokeza nje kama mdomo wa aliyenuna. Wa Luvanda haukupitisha hata upepo. Sista akaupapasa ule upande wenye bawaba.

"Ubao huu umenyooka sana. Umeupata wapi?"

Luvanda akamtazama mwenzake. "Muulize huyu. Ndiyo ile kuni ya kuchemshia chai."

Kesho yake Luvanda akaenda nyumbani kwa Chengula. Msidhani ni upendo. Ni milango tisa na bega moja.

"Mashine yako si mbaya," akamwambia. "Yangu inanyoosha, lakini haijui kuzilinganisha mbao unene. Yako inajua. Ila mbao zianzie kwangu."

Chengula akaufunga mdomo wake. Ukafunga vizuri kuliko mlango wake.

Funzo: Ukienda kutafuta msaada, beba ubao wako uliopinda, na wakucheke. Anayeuficha nyumbani hurudi na kinachong'aa, akaukuta ubao umepinda vile vile.