Vikeki vya Mkharubu na Zimwi Lisilolala

Paukwa!

Pakawa!

Mlango umefungwa?

Umefungwa!

Mikono imenawiwa?

Imenawiwa!

Basi sogeeni. Na atakayelamba vidole nikiwa nasimulia, shauri yake. Akija kuulizwa mama yake yuko wapi, mimi simo.

Zamani, wakati bibi yangu mimi hajaota hata jino la kwanza, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwembago, chini ya mlima. Watu wake walilima kakao. Waliikausha, wakaikaanga, wakaitwanga, na unga wake wakautia kwenye vikeki vidogo vyeusi vilivyookwa ndani ya vikopo, moto chini na moto juu.

Kwa vikeki hivyo hakuna aliyemfikia Siwajibu. Alikaa na mama yake, Bi Mwatatu, na binti yake wa pekee, Semeni, mtoto wa miaka kumi ambaye baba yake alishatangulia. Mali yao ilikuwa mtetea mmoja, ng'ombe mmoja, na mkono wa Siwajibu.

Sasa Kwembago palikuwa na desturi. Rojo la vikeki likishakorogwa, mwiko wa kwanza ni wa mtoto. Mtoto anaulamba, mwiko unarudi bakulini, linakorogwa tena. Vikeki vikiumuka, watu walisema ni ulimi wa mtoto. Visipoumuka, walisema mtoto kalamba kwa choyo. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyehoji.

Na njia ya kwenda gulioni ilikuwa moja tu. Katika njia hiyo lilikaa zimwi. Lilikaa juu ya shimo refu, na makalio yake ndiyo yalikuwa kifuniko cha shimo hilo. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakufumba. Si asubuhi, si mchana, si usiku.

Siku moja Siwajibu alikuwa akienda gulioni na Semeni, kikapu kichwani. Jua lilikuwa la utosi, saa ile kivuli cha mtu kinapoingia chini ya nyayo zake.

"Mama mwenye kikapu," likasema zimwi, kwa adabu kabisa. "Nionjeshe."

Mtu wa Kwembago hamnyimi mtu onjo. Siwajibu akatoa kikeki kimoja, akakiweka kwenye jani, akalisogezea kwa fimbo. Zimwi likatafuna polepole, macho wazi.

"Nimeonja yai," likasema. "Nimemjua mama yake."

Siwajibu akacheka kicheko cha woga, akapita haraka. Waliporudi nyumbani, mtetea hayupo. Yalibaki manyoya matatu mlangoni.

Basi gulio lililofuata Siwajibu akapika vikeki bila yai. Jua likafika utosini, zimwi likaomba, akalipa kikeki kimoja. Likatafuna.

"Nimeonja maziwa. Nimemjua mama yake."

Waliporudi, kamba ya ng'ombe ilikuwa bado imefungwa kwenye kigingi, na kitanzi chake bado kimekaza. Ng'ombe hayupo. Siwajibu alikaa chini pale pale kwenye samadi akalia.

Jioni ile Bi Mwatatu alisema, "Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili sivyo. Hili likishakujua ndipo linapokula. Mwanangu, usitie tena kitu kilichotoka kwenye mwili wenye damu. Si yai, si maziwa, si samli."

"Sitatia, mama."

Na hakutia. Gulio la tatu alikoroga unga, sukari, kakao na maji matupu. Kisha, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake, akamwinulia Semeni mwiko. Semeni akaulamba. Mwiko ukarudi bakulini.

Mnanyamaza. Mmeshajua, eeh? Wao hawakujua.

Jua likafika utosini. Zimwi likaomba, likapewa, likatafuna. Likageuza kichwa, likamtazama Semeni, si mama yake.

"Nimeonja mate," likasema. "Nimemjua mama yake."

Semeni alihisi upepo tu ubavuni. Alipogeuka, kikapu kilikuwa chini na kanga ya mama yake iko juu ya kikapu. Zimwi lilikuwa limekwisha kaa tena juu ya shimo lake, kama halikuwahi kunyanyuka. Lilikwenda na kurudi kabla mtu hajameza mate.

Kutoka chini ya makalio ya zimwi, Semeni akasikia sauti, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Semeni! Kimbia, mwanangu!"

"Gulio lijalo," zimwi likasema, "lete vikeki saba, vyeusi. Usipovileta, nitakuja mwenyewe kuonja kilichobaki kwenu."

Semeni alikimbia huku analia mpaka akadondoka miguuni mwa bibi yake. Hakuweza kula siku ile wala ya pili. Kila alipomeza mate aliyaona yale mate yake kuwa ndiyo yaliyomuuza mama yake.

"Si wewe," akasema Bi Mwatatu. "Mwiko ule hata mimi niliulamba. Sasa nisikilize. Lile zimwi umeliona likisinzia?"

"Hapana, bibi."

"Likipepesa?"

"Hapana."

"Likipiga mwayo?"

"Hapana, bibi."

"Basi ni kakao. Limekula vikeki vya wapita njia miaka na miaka. Marehemu babu yako alikuwa akiinywa kakao ili akeshe akifukuza nguruwe shambani. Mtu akiinywa sana usingizi unamkimbia. Zimwi hilo lina deni la usingizi la miaka yote hiyo. Siku likikosa kakao, deni litadai."

Nyuma ya nyumba yao ulisimama mkharubu. Mbegu yake iliachwa na mchuuzi mmoja wa tende, zamani. Ulizaa maganda marefu ya kahawia, matamu ukiyatafuna, lakini watu wa Kwembago waliyaita chakula cha mbuzi na kuwacheka walioyaokota. Bi Mwatatu aliokota kikapu kizima. Wakayavunja, wakatoa mbegu, wakayakaanga mpaka nyumba nzima ikanukia. Wakayatwanga, wakayachekecha. Ukatoka unga wa rangi ya kakao, wenye harufu ya kukaribiana na kakao, lakini ukiulamba hauna ule uchungu unaomkesha mtu.

Siku ya gulio, alfajiri, wakaanza kupika. Unga wa ngano. Unga wa mkharubu. Sukari. Badala ya yai, ndizi mbivu zilizopondwa.

"Bibi, ndizi nayo si ina mama?"

"Mgomba ukishazaa hukatwa. Likamtafute jalalani."

Badala ya maziwa, tui la nazi.

"Na nazi je?"

"Mnazi hauna damu, mjukuu wangu. Lakini likitaka, likaukumbatie."

Semeni alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mama yake atoweke. Vikopo vikapakwa mafuta ya nazi, si samli. Mwisho wakatia magadi na maji ya ndimu, rojo likatoa povu. Bi Mwatatu akatoa mwiko bakulini. Kwa mazoea ya miaka sabini, mkono wake ukaenda moja kwa moja mdomoni mwa Semeni.

Semeni akafumba midomo. Rojo lilikuwa linanukia, na njaa ya siku nyingi ilimuuma. Akageuza uso ukutani, machozi yakamtoka.

Alipogeuka, bibi yake alikuwa ameulamba mwiko mwenyewe. Aliulamba wote, mbele na nyuma. Akaurudisha bakulini, akakoroga.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Nimeonja sukari. Funga mdomo wako, weka makaa juu ya kifuniko."

"Bibi, litaonja mate!"

"Makaa, Semeni."

Hapakuwa na unga mwingine, wala muda wa kutwanga tena. Vikeki saba viliumuka, vyeusi, vya kupendeza. Semeni alivibeba kama mtu anayebeba sanda yake. Bi Mwatatu alitembea nyuma kwa mkongojo, kamba ya ng'ombe begani.

Jua likafika utosini. Vivuli vyao vikaingia chini ya nyayo.

"Leta," likasema zimwi.

Likala cha kwanza. "Hapa hamna yai."

Likala cha pili na cha tatu. "Hapa hamna maziwa."

Likala cha nne, cha tano, cha sita. "Hapa hamna samli." Sauti ilikuwa nzito sasa, inaburura maneno. Semeni alimshika bibi yake kanga.

Likala cha saba. Likakitafuna muda mrefu. Halafu likatabasamu, na meno yake yote yakaonekana.

"Nimeonja mate. Ya mtu mzima. Nimemjua mama yake."

Likanyanyuka. Semeni akamkumbatia bibi yake kiunoni, akafumba macho, akangoja ule upepo wa ubavuni. Ukapita. Alipofumbua macho, bibi yake alikuwa bado mikononi mwake, na zimwi lilikuwa limeacha shimo wazi, linashuka bondeni, upande wa makaburi.

"Mama yangu mimi," akasema Bi Mwatatu, "yuko chini ya udongo mwaka wa arobaini huu. Liende likamwamkie."

Lakini macho yake hayakuondoka makaburini, na Semeni aliona.

Safari hii zimwi halikwenda na kurudi. Lilifika makaburini linayumba. Likasimama juu ya kaburi la mama yake Bi Mwatatu, likainama ili lifukue, na hapo likapiga mwayo. Mwayo wa kwanza ndege wakanyamaza. Mwayo wa pili majani yakapukutika. Mwayo wa tatu likapiga magoti, likalala kifudifudi, mkono mmoja juu ya kaburi, na yale macho mekundu yakafumba.

Semeni hakungoja. Akateremsha kamba ya ng'ombe shimoni, akamwita mama yake kwa jina lake. Kwanza akatoka Siwajibu, mwembamba, nywele zimejaa vumbi. Wakashikana wakalia mpaka wakaishiwa machozi. Wakaenda kuita watu, na watu wakaja na kamba zao. Akatoka ng'ombe. Akatoka mtetea. Wakatoka na wengine, wazee kwa vijana, waliochukuliwa zamani sana hata majina yao hakuna aliyeyakumbuka. Hao waliuliza habari za watoto wao. Watoto wao walishakufa uzee.

Wakalijaza shimo mawe. Zimwi hawakulijaribu. Nani akaliguse?

Basi kesho yake Siwajibu aliwasha moto. Akatwanga mkharubu, akaponda ndizi, akakamua tui, maana tangu siku ile Kwembago hakuna aliyepika kakao, harufu isije ikaliamsha zimwi. Alipokwisha koroga, akamwinulia binti yake mwiko, huku anacheka, kama zamani.

Semeni akaupokea. Akautazama. Kisha akautumbukiza kwenye maji, akauosha, akamrudishia mama yake. Siwajibu hakuuliza. Aligeuka, akakoroga.

Zimwi limelala palepale, juu ya kaburi. Majani yameota mgongoni mwake, mgeni akipita husema ni kichuguu. Lakini simama hapo siku isiyo na upepo, utayaona majani yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka.

Na Bi Mwatatu, ambaye kila mwaka alikuwa akipalilia kaburi la mama yake kwa mikono yake, hakulipalilia tena. Alikuwa akisimama mbali, ng'ambo ya bonde, akiombea kwa sauti ndogo ili asiamshe kitu. Siku yake ilipofika alizikwa upande wa pili wa mto, peke yake, mbali na mama yake, maana pale zimwi lilipolala hakuna aliyethubutu kupiga jembe. Alijua itakuwa hivyo alipoulamba ule mwiko. Alijua, na akaulamba mbele na nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkharubu uko nyuma ya nyumba, mwiko uko kwenye maji, na lililolala tuliache lilale.

Funzo lake ni hili, watoto wangu: kinachotoka mdomoni mwako kinaonyesha njia ya kwenu. Kabla hujamwonjesha mtu, mjue ni nani. Na aliyekutoa shimoni, muulize alitoa nini.

Haya, vikeki viko tayari. Nani ataniletea mwiko? Uosheni kwanza.