Mlafi na Baraza la Mtokini

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mna uji mdomoni? Sogeeni motoni, na nyinyi wa nyuma acheni kusukumana. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji ambao hata mwenye nao hakujua kuwa ni mji. Mji huo ulikuwa mwili wa mtoto wa kike, jina lake Siwema, binti wa Mwantumu. Siwema hakujua kukaa chini. Kukimbiza mbuzi yeye, kuparamia mipera yeye, na viatu anavishika mkononi ili visichakae. Siku moja akakanyaga mwiba. Akauchomoa, akapaka mate, akaendelea kukimbia.

Ukuta wa mji ule ulikuwa ngozi, na sasa ukuta ulikuwa na tundu. Wakaingia vijidudu. Msidhani waliingia na mapanga. Waliingia na njaa.

"Hatuna ugomvi na mtu," walisema. "Tunakula, tunazaa, tunasogea."

Na kweli, wakala, wakazaa, wakasogea.

Wa kwanza kufika pale alikuwa Mlafi. Yeye na ndugu zake walikuwa askari weupe wa mji, na silaha yao ilikuwa mdomo. Walimmeza adui mzimamzima. Lakini Mungu aliwapa maisha mafupi, na askari akishajaza tumbo kwa maadui, yeye mwenyewe hufa palepale. Walijua hivyo, wala hawakununa.

"Nyinyi, rudini mlikotoka!" Mlafi akapaza sauti.

"Turudi wapi, kaka? Nje jua kali, na watoto wetu wamezaliwa humu."

Mlafi aliwaonea huruma. Hata mimi nawaonea huruma. Lakini mguu ulikuwa wa Siwema, haukuwa wao. Mlafi akafungua kinywa.

Alimeza, akameza, akameza. Alipoona wanazaana upesi kuliko anavyomeza, akamwita Tarishi, mpeleka habari wa mji. "Dada, kimbia Mtokini. Waambie sisi tutashikilia mpaka waje."

Mtokini ni pale juu ya paja, penye kinena. Ndipo lilipokuwa baraza la mafundi wa silaha. Na mji ule ulikuwa na desturi yake: silaha haifuliwi kwa habari za mdomo. Lazima kiletwe kipande cha nguo ya adui, fundi akishike kwa mkono wake. Tena kila fundi alizaliwa anaijua nguo moja tu, ya adui mmoja tu, hata kama adui huyo hatakuja maisha. Basi Tarishi akararua kipande cha nguo ya kijidudu, akapanda nacho mguu mzima.

"Fundi, nguo hii waijua?"

"Siijui, mwanangu. Mimi namngoja wa surua."

"Fundi, nguo hii waijua?"

"Siijui. Mimi namngoja wa pepopunda."

"Fundi, nguo hii waijua?"

"Siijui, na hata huyo wangu simjui jina."

Huku chini, Mlafi alikuwa akiuliza, "Wamekuja?"

"Bado," wakamjibu ndugu zake. "Shikilia."

Tarishi akazunguka baraza zima, machozi yanamlengalenga. Kwenye pembe akamkuta fundi mmoja mdogo, Mwanamvua, ambaye hakuna aliyewahi kumwita kwa lolote. Mwanamvua akakishika kile kipande, akakigeuza huku na huku.

"Ni yeye," akasema. "Maisha yangu yote nimemngoja huyu, watu wakidhani sina kazi."

Akajigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne, mpaka baraza likafurika, kila mmoja anafua silaha ileile. Ikatoka amri mji mzima uwashe moto, maana vijidudu wale hawakupenda joto.

Nje, watu waliona nini? Waliona Siwema anawaka homa, na mtoki umevimba kama limau. Akaja shangazi yake, Mwajabu, na mchi alioupasha moto jikoni.

"Mtoki haubembelezwi," akasema. "Mtoki hukandwa mpaka upotee."

Akakanda. Ndani, baraza likatikisika. Akakanda tena. Mafundi wakaangukiana, silaha zikamwagika.

"Mama," Siwema akasema katika homa yake, "humu mna watu. Shangazi anawakanyaga."

Shangazi akanyanyua mchi mara ya tatu. Sasa, nyinyi mnajua kwetu mke haushiki mkono wa wifi yake, tena mbele za majirani. Mwantumu aliushika.

"Wifi, nakuheshimu. Lakini huo mchi nipe mimi."

"Unanikatalia mbele za watu?"

"Nakukatalia. Mtoto anasema anaumia, nami nimemsikia. Nambeba, tunakwenda zahanati."

Shangazi akasusa, akageukia ukutani. Lakini Mwantumu alipotoka na mtoto mgongoni, shangazi huyohuyo aliwakimbilia na mwavuli, akawafunika njia nzima.

Mtokini mafundi wakainuka, wakaokota silaha zao, wakaziteremsha. Silaha zenyewe zilikuwa na mnato kama ulimbo: kijidudu akinaswa, hasogei tena.

Chini kwenye tundu, ndugu wa Mlafi walikuwa wamelaliana chungu nzima.

"Wamekuja?" akauliza Mlafi.

"Bado, kaka. Shikilia," akajibu mmoja. Baada ya hapo hakuzungumza tena.

Tarishi alitangulia mbele ya silaha, anakimbia, anapiga kelele. "Mlafi! Wamekuja!"

Akazidi kukimbia.

"Mlafi! Wamekuja!"

Akafika, akainama. "Kaka, wamekuja."

Mlafi alikuwa ameshakufa. Vijidudu walinaswa mmoja mmoja palepale walipokuwa wamezuiwa, hawakuwa wamevuka hata kifundo cha mguu.

Kule zahanati muuguzi akapasua jipu lililotunga pale penye tundu la mwiba, ukatoka usaha. Shangazi akaziba pua. "Uchafu gani huu, jamani!" Muuguzi akaupangusa kwa pamba, akatupa kwenye ndoo, akampa mtoto dawa. Homa ikashuka. Siwema akaomba wali, akauliza kama mbuzi wamefungiwa.

Jamani, ule haukuwa uchafu. Ule ulikuwa Mlafi na ndugu zake. Walitupwa pamoja na pamba, na hakuna aliyewalilia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na watu wa kuliliwa. Mimi najua, nami leo nawalilia. Na wale vijidudu wenye njaa, nao walitoka katika pamba ileile.

Hadithi yangu naifungia hapo, na mguu wa Siwema umepona.