Uwanja Uliofagiwa Mpaka Baharini

Mama mmoja alikuwa anafagia uwanja wake, mgongo umeinama, ufagio wa chelewa mkononi, wifi yake alipoingia bila hodi na kumwambia, "Wifi, weka ufagio chini. Mnazi wako umelala."

"Mnazi gani?"

"Kwani una mwingine pale mbele? Ule wa marehemu baba. Umo majini, mizizi juu."

Watu wa pale walimwita Mama Shufaa, nasi tumwite hivyo hivyo. Na pale penyewe, wenzangu, ni ukanda wa mchanga mtupu, mwembamba kama ulimi. Mbele yake bahari, nyuma yake hori, mkono wa bahari wenye mikoko. Hakuna jiwe wala udongo. Ukichimba kisima unakuta mchanga, ukichimba zaidi unakuta mchanga uliolowa. Na juu ya mchanga huo watu wamejenga, wanazaa na wanazikana.

Mchanga wa namna hiyo hautulii. Bahari huuchukua msimu huu na kuurudisha msimu ujao, na waliozaliwa pale hawashangai. Lakini kwa Mama Shufaa, miaka ya karibuni, ulikuwa unachukuliwa tu. Kwanza lilikwenda banda la kuku. Kisha kichanja cha vyombo. Sasa mnazi. Kati ya maji na jiko lake palibaki mahali pa kutandika mikeka michache.

Na ni nani kati yetu asingependa kuwa Mama Shufaa? Alikuwa msafi, jamani. Namsifu, sitanii. Kabla hajawasha moto ameshafagia. Jani likichomoza mchangani, ameling'oa. Mwani uliotupwa na maji, ameukusanya na kuuchoma. Uwanja wake ulikuwa mweupe kama shuka la arusi, na mistari ya ufagio imenyooka kutoka kizingitini hadi kwenye mawimbi. Watu walimsifu kwa mbali, maana wakikaribia walikuwa wanachafua. Hata chakula, walikula wenyewe wa nyumba ile. Mgeni huacha makombo.

Jirani yake Bi Saumu alikuwa kinyume chake. Mjane, peke yake, na uwanja wake ni aibu tupu. Mlakasa, yale majani ya pwani yanayotambaa kama kamba na kutoa maua ya zambarau, ulikuwa umetoka mlangoni kwake mpaka majini. Mwani umelundikana. Vifuu vya nazi kila mahali. Watu walimwita Bi Jalala, na aliyeanza kumwita hivyo mnamjua, hamna haja ya kutajiwa.

Basi Mama Shufaa akasimama mbele ya mnazi wake, mikono kiunoni.

"Tumefanyiwa jambo," akasema.

"Jambo gani, wifi?"

"Hebu tazama kwa Saumu. Bahari ni hiyo hiyo, maji makuu ya bamvua ni yale yale yaliyotupiga sisi. Mbona kwake hapakumeguka? Huu ni uchawi."

"Mchawi gani atahangaika na mnazi usiozaa?" wifi akasema, akaenda zake, ana maji jikoni.

Mama Shufaa akabaki anatazama. Kwake ufuko ulikuwa umekatika wima kama mkate. Kwa Bi Saumu ulishuka polepole, umenona, na kila ulipotambaa mlakasa palikuwa na kilima kidogo cha mchanga. Upepo ukapita. Akaona kwa macho yake chembe za mchanga zikikimbia juu ya uwanja wake mweupe, hazina pa kushika, zikavuka mpaka, zikafika kwenye yale majani, zikasimama. Mchanga wake mwenyewe! Ulikuwa unahamia kwa jirani mchana kweupe.

Akavuka. Bi Saumu alipomwona, akaanza kujitetea kabla ya salamu.

"Kama ni huo mwani, nitautoa. Usinianze asubuhi asubuhi."

"Sijaja kwa mwani. Nataka kujua umeufanyaje mchanga wako."

"Mchanga wangu?" Bi Saumu akacheka mpaka akashika mlango. "Kwani nimeuweka mimi? Mgongo unaniuma, mwenzangu, kuinama siwezi. Kilichoota kimeota."

Mnasikia? Hakuwa na siri wala elimu ya kumfundisha mtu. Alichoka tu, na katika kuchoka kwake akayaacha mahali pake mambo ambayo Mungu aliyaweka kwa kazi yake.

Mama Shufaa akasema, "Nipe mbegu."

"Ya nini?"

"Ya hayo majani."

"Wewe? Wewe uliyesema mbele ya watu kwenye arusi kwamba kwangu hata kaa anaona kinyaa kupita?"

"Mimi."

"Sema tena, sikio hili halisikii vizuri."

"Mimi ndiye niliyesema, Bi Saumu, na nilikosa. Nipe vipandikizi niende."

Hapo, wenzangu, ndipo ninapomvulia kofia mama yule. Kufagia kila alfajiri ni kazi, lakini wengi tunaiweza. Kurudi nyumbani mchana, mbele ya mashoga zako, umebeba mzigo wa magugu uliyoyacheka miaka yote, ukayapanda kwa mikono yako katika uwanja uliokupa jina, ni wangapi wetu wangeweza?

Wakamsema. "Mama Shufaa amezeeka." "Mama Shufaa ameanza ujalala." Yeye akafagia mpaka kizingitini tu na kurudi ndani. Mwani ulipotupwa ufukoni akauacha, ingawa mkono ulimwasha. Majani yakashika, yakatambaa, na kila upepo ukamwachia kibaba cha mchanga.

Sitawadanganya kwamba mlakasa unazuia bahari. Bahari haizuiliwi. Bamvua kubwa lilirudi mwaka uliofuata, likala ukingo, likang'oa kamba nyingi za yale majani. Mume wake, fundi cherehani, mtu asiyependa kubishana, alikwisha kulibomoa jiko na kulihamishia upande wa hori, na alifanya vizuri, maana pale lilipokuwa maji yalifika. Lakini yalipofika yalikuta kilima, yakapanda yamechoka, yakarudi. Nyumba ikabaki. Miezi michache baadaye ufuko ulikuwa umeanza kujaa tena, na kamba zilizobaki zilikuwa zinaufuata mchanga kuelekea majini, zikitambaa juu yake siku hadi siku. Ukiutazama ukanda ule unatamani kumshukuru Muumba: kitu chepesi vile, kisicho na mfupa, kinasogea na bado kipo.

Sasa mnadhani mfano wenyewe ni wa magugu. Mnadhani nitawaambia msifagie, na wapo hapa wavivu wameshaanza kutabasamu. Fagieni. Mfano ni wa jioni ile ya bamvua.

Jioni ile maji yalikuwa yananguruma nje. Mama Shufaa akapakua wali na mchuzi wa papa katika sinia, akawaambia watoto wanawe mikono, wakae. Kisha akamwambia mkubwa wao ahesabu kama wote wamo.

"Baba, shangazi, wewe, na sisi watatu. Tupo wote, mama."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Sita.

"Hujui kuhesabu," mama akasema. Akajifunga kanga, akatoka kwenye upepo, na aliporudi alikuwa amemshika mkono Bi Saumu, miguu yote mchanga mpaka magotini. Bi Saumu akasita mlangoni. Mbele yake mkeka mweupe ambao hakuwahi kuukanyaga.

"Nitauchafua," akasema.

"Uchafue," akasema Mama Shufaa. "Kaa. Wali unapoa."

Wenzangu, sisi nasi tuna nyumba zinazosifiwa. Tumefagia. Yule mama mkwe anayekohoa watu wakila, tumempeleka kwa mtoto mwingine. Yule mtoto wa ndugu anayelowesha godoro, tumemrudisha kwao. Yule shoga anayekuja bila hodi na kukaa mpaka jua linazama, tumeacha kumfungulia. Wanachosha, najua. Siwaambii kwamba hawachoshi. Lakini hao wanaotambaa tambaa miguuni mwetu ndio waliokuwa wameishika nyumba, nasi tulikuwa tunawang'oa kila alfajiri na kushangaa kwa nini mbele yetu panamegeka. Tukasema tumerogwa!

Basi leo jioni, ukishapakua, usile kwanza. Hesabu. Ukiona wote wamo, hesabu tena. Ukimkumbuka asiyekuwepo, funika sinia, jifunge kanga, ukamlete. Akisema atachafua mkeka, unajua la kumjibu. Kisha hesabuni mara ya mwisho, mseme Bismillahi, mle.